Picha Kubadilika Rangi Kwenye Slaidi: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tatizo na Kulirekebisha

Nembo iliyokuwa ya bluu kwa mbunifu inafika kwenye slaidi ikiwa ya zambarau. Picha ya harusi iliyong'aa kwenye simu inapauka. Nyingine inageuka kabisa kama negativu ya filamu. Wengi wakiona hivyo hukimbilia vitufe vya Corrections au Color vya PowerPoint, wanasogeza vipimo mpaka picha ifanane kidogo na ile ya awali, halafu siku ya kuwasilisha projekta inawaumbua mbele za watu.

Kusogeza vipimo hakusaidii kwa sababu rangi inaweza kuharibikia sehemu nne tofauti: ndani ya faili la picha, ndani ya slaidi, kwenye skrini ya kompyuta, au njiani kwenda kwenye projekta. Kila sehemu ina dawa yake. Kazi kubwa ni kujua ni ipi. Ukishaijua, matengenezo yenyewe kwa kawaida ni ya dakika chache.

Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye programu za Kiingereza, maana ndizo zilizo kwenye kompyuta nyingi. Mifano mingi ni ya PowerPoint, na pale programu nyingine za slaidi, yaani Impress ya LibreOffice, Keynote ya Mac au Google Slides, zinapotofautiana nimetaja.

## Vitu vya kuwa navyo

- Faili asili la picha. Lile ulilopewa mwanzo, si lililonakiliwa kutoka kwenye slaidi wala lililopigwa picha ya skrini. Kama uliletewa kwa WhatsApp, omba litumwe upya kama dokumenti, maana likitumwa kama picha ya kawaida hubanwa.
- Nakala ya wasilisho. Fanyia majaribio kwenye nakala, usiguse kazi yenyewe.
- Programu ya kuhariri picha. GIMP ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Mwenye Photoshop aitumie.
- Kivinjari, Chrome au Firefox.
- Simu au skrini ya pili ya kulinganishia.
- Kebo ya akiba, ikiwa utatumia projekta.

## Hatua ya 1: Tengeneza slaidi ya kipimo

Usiruke hatua hii. Ndiyo itakayokuambia uende wapi, na wanaoiruka ndio wanaozunguka siku nzima.

Kwenye nakala ya wasilisho ongeza slaidi tupu yenye mandhari nyeupe. Nenda Insert, kisha Shapes, uchore visanduku saba. Kila kimoja kijaze kwa Shape Fill, More Fill Colors, kichupo cha Custom, na uandike namba kwa mkono kwa mpangilio wa nyekundu, kijani na bluu:

- Nyekundu: 255, 0, 0
- Kijani: 0, 255, 0
- Bluu: 0, 0, 255
- Manjano: 255, 255, 0
- Kijivu: 128, 128, 128
- Nyeusi: 0, 0, 0
- Karibu na nyeusi: 16, 16, 16

Hivyo viwili vya mwisho vibandike ubavu kwa ubavu, vigusane. Pembeni weka picha inayosumbua.

Kwa nini visanduku? Kwa sababu havitoki kwenye faili lolote. Programu inavichora yenyewe kwa namba ulizoipa. Vikionekana sawa huku picha ikiwa mbaya, basi skrini yako ni nzima na tatizo liko kwenye picha. Vikiharibika pamoja na picha, picha haina kosa.

Tahadhari: usichague rangi kwenye safu ya Theme Colors. Hizo hubadilika kila ukibadilisha mandhari ya wasilisho, na kipimo chako kitakudanganya.

Soma matokeo hivi:

- Visanduku viko sawa, picha peke yake imeharibika: endelea na hatua ya 2.
- Visanduku vimekuwa vya kijivu wakati wa kuhariri: fungua kichupo cha View, tafuta kundi la Color/Grayscale, uchague Color. Kwenye Impress mpangilio huo nao uko menyu ya View. Mara nyingi safari inaishia hapo.
- Visanduku vimegeuka rangi kwenye kompyuta yenyewe: ruka hadi hatua ya 5.
- Kompyuta inaonyesha vizuri ila projekta ndiyo inayoharibu: ruka hadi hatua ya 6.

## Hatua ya 2: Chunguza faili la picha

Kwenye Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha kichupo cha Details. Angalia mistari miwili: Bit depth na Color representation.

JPEG ya kawaida ina Bit depth ya 24, yaani biti 8 kwa kila mojawapo ya rangi tatu za skrini: nyekundu, kijani na bluu (RGB). Ukiona 32 kwenye JPEG, umeshamkamata mwizi. JPEG haina nafasi ya kuhifadhi uwazi (sehemu za picha zinazoacha kilicho nyuma kionekane), kwa hiyo hizo biti 8 za ziada ni rangi ya nne. Faili hilo liko katika CMYK, mfumo wa wino wa mashine za uchapaji: sayani, majenta, manjano na nyeusi. Lakini 32 kwenye PNG isikutishe. Pale biti za ziada ni za uwazi na ni jambo la kawaida.

Color representation ikisema sRGB, ambayo ni nafasi ya rangi ya kawaida ya skrini (yaani wigo wa rangi ambao namba za picha zinahesabiwa ndani yake), faili liko salama. Ikisema Uncalibrated, kwa kawaida kamera au simu imetumia nafasi ya rangi pana kuliko sRGB, kama vile Adobe RGB ya kamera kubwa au Display P3 ya iPhone. Mstari ukiwa mtupu, faili halikubeba taarifa hiyo.

Kwenye Mac, fungua picha kwa Preview ubonyeze Command na I. Color Model itakuambia kama ni RGB au CMYK, na chini yake kuna jina la wasifu wa rangi, yaani lebo inayoiambia programu namba za rangi za picha hiyo zisomwe vipi.

Dalili nazo zinasema. CMYK ndiyo inayoleta vituko vikubwa: rangi kali za kuumiza macho, bluu kuwa zambarau, au picha nzima kugeuka negativu. Hiyo negativu ina sababu yake mahususi. Programu za Adobe huandika namba za CMYK ndani ya JPEG zikiwa zimepinduliwa, na programu isiyojua desturi hiyo huzisoma kinyume. Adobe RGB haifanyi fujo kiasi hicho. Picha inapauka tu, majani yanapoteza ukijani wake na ngozi za watu zinakosa uhai. Display P3 tofauti yake ni ndogo zaidi, utaiona kwenye nguo nyekundu au za machungwa zilizokolea.

Jaribio la kuthibitisha: buruta faili hilo uliachie ndani ya kivinjari. Chrome na Firefox husoma wasifu wa rangi uliomo kwenye picha. Ikionekana vizuri huko na vibaya kwenye slaidi, programu ya slaidi ndiyo inayopuuza wasifu, na kubadilisha faili kutaponya. Ikiwa mbaya huko pia, basi faili limepoteza wasifu wake au liliharibika kabla halijakufikia. Rudi kwa aliyekupa.

## Hatua ya 3: Ibadilishe picha iwe sRGB

sRGB ndiyo nafasi ya rangi ambayo karibu kila skrini, projekta na programu ya slaidi inaichukulia kuwa ya kawaida. Lengo ni faili ambalo hata programu isiyosoma wasifu italionyesha sawasawa.

Kabla hujagusa kitu, shika tofauti hii, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu zaidi. Menyu zina maneno mawili yanayokaa jirani: Assign na Convert. Assign hubadilisha lebo tu na kuacha namba za rangi zilivyo, kama kubandika lebo ya alizeti kwenye dumu la mawese. Convert hupiga hesabu upya na kubadilisha namba ili rangi unayoiona ibaki ileile. Unachotaka ni Convert.

Kwa GIMP:

1. Fungua faili kwa File, Open. Kama ni CMYK, GIMP huigeuza kuwa RGB inapoifungua.
2. Ikikuuliza Keep au Convert, chagua Convert.
3. Kama haikuuliza, nenda Image, Color Management, Convert to Color Profile, uchague sRGB.
4. Nenda File, Export As. Nembo, michoro na picha zenye maandishi zihifadhi kama PNG. Picha za kamera zihifadhi kama JPEG yenye ubora wa 90 au zaidi, na uweke tiki kwenye Save color profile.

Kwa Photoshop: Edit, Convert to Profile. Destination Space iwe sRGB IEC61966-2.1, Intent iwe Relative Colorimetric, na Use Black Point Compensation iwe na tiki. Usiridhike na Image, Mode, RGB Color peke yake. Njia hiyo hupeleka picha kwenye nafasi ya kazi iliyowekwa kwenye programu, na kwa wapiga picha wengi nafasi hiyo ni Adobe RGB. Utakuwa umetoka shimo moja na kuingia jingine.

Kwa Mac isiyo na programu ya kuhariri: fungua picha kwa ColorSync Utility, chini ya dirisha chagua Match to Profile, kisha sRGB, bofya Apply na uhifadhi kwa jina jipya. Assign Profile iliyo kwenye Preview ni lebo tu, haitakusaidia.

Kwa picha nyingi kwa mpigo, ImageMagick, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri, inaokoa muda. Windows ina faili la wasifu ndani ya C:\Windows\System32\spool\drivers\color, linaitwa sRGB Color Space Profile.icm. Linakili kwenye folda yako ya picha, libadilishe jina liwe sRGB.icm, tengeneza folda ndogo iitwayo rgb, kisha fungua Command Prompt ndani ya folda hiyo ya picha uandike:

`magick mogrify -path rgb -profile sRGB.icm *.jpg`

Amri hii inategemea picha kuwa na wasifu wake ndani. Isiyo nao hupewa lebo ya sRGB tu bila kubadilishwa, na hayo ndiyo mambo ya Assign tuliyoyakwepa.

Kwa nini nembo iwe PNG? JPEG huokoa nafasi kwa kupunguza taarifa za rangi kuliko za mwanga. Kwenye uso wa mtu hutaona tofauti. Kwenye herufi nyekundu juu ya mandhari nyeupe utaona kingo zimechafuka, na zikikuzwa ukutani zinaonekana hadi siti ya nyuma.

Tahadhari: bluu na kijani vilivyokolea sana haviwezi kuchapwa kwa wino nne, kwa hiyo vilipogeuzwa CMYK vilipunguzwa. Kurudi RGB hakuvirudishi. Kama nembo bado inaonekana imefifia baada ya kubadilishwa vizuri, kilichopotea kimepotea. Omba faili la mwanzo la mbunifu.

Umefaulu ukiliona faili jipya na Bit depth ya 24 kwa JPEG, na likionekana sawa kwenye kivinjari na kwenye simu.

## Hatua ya 4: Liingize upya, slaidi ikiwa safi

Bofya picha ya zamani kwenye slaidi. Nenda Picture Format, kisha Reset Picture, ili kufuta marekebisho yote uliyoyajaribu awali. Angalia pia Color, sehemu ya Recolor, iwe No Recolor. Kwenye Impress, mwambaa wa zana za picha una Image Mode, iwe Default. Google Slides ina Reset image, na Keynote nayo ina kitufe cha kurudisha picha kama ilivyokuwa.

Sababu ya kuanza na kufuta: ukibadilisha picha bila kufuta, yale marekebisho ya kubahatisha yanaweza kubaki na kuikalia picha mpya. Utadhani hatua ya 3 haikufanya kazi.

Sasa bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua Change Picture, uchukue faili jipya. Ukubwa, nafasi na miondoko yake vinabaki kama ulivyovipanga.

Usiingize kwa kunakili na kubandika kutoka kwenye kivinjari. Nembo yenye mandhari wazi ikipitia njia hiyo wakati mwingine hutokea na sanduku jeusi nyuma yake. Insert, Pictures, This Device ndiyo njia ya uhakika.

Kisha nenda File, Options, Advanced, sehemu ya Image Size and Quality, uweke tiki kwenye Do not compress images in file. Faili litakuwa zito, lakini picha hazitabanwa tena kila ukihifadhi.

Chati kutoka Excel ni kesi ya peke yake. Hiyo si picha. Ni mchoro unaofuata mandhari ya wasilisho. Ukiibandika kwa Use Destination Theme, rangi zinabadilika kwa makusudi. Chagua Keep Source Formatting, au ibandike kama Picture kama huhitaji kuihariri tena.

Umefaulu ukifungua picha kwenye kivinjari upande mmoja na slaidi upande wa pili, na jicho lisione tofauti.

## Hatua ya 5: Skrini ya kompyuta ndiyo inayodanganya

Hapa umefika kwa sababu hata visanduku vya kipimo vimegeuka rangi.

Piga picha ya skrini, itume kwenye simu, uitazame huko. Picha ya skrini hubeba kile programu ilichochora. Kama kwenye simu rangi ziko sawa, slaidi yako ni nzima; kinachozibadilisha kinakuja baadaye, kwenye mipangilio ya skrini au skrini yenyewe.

Mtuhumiwa wa kwanza ni Night light. Iko Settings, System, Display, na hufanya skrini iwe ya manjano. Ikiwekwa ratiba ya machweo hadi macheo, kwetu pwani inawaka kwenye saa kumi na mbili na kitu jioni. Ndiyo maana slaidi za send-off zilizojaribiwa mchana zikawa nzuri huonekana zimepakwa manjano ukumbini usiku. Izime, na ratiba yake uiondoe. Kwenye Mac zima Night Shift na True Tone.

Wa pili ni Color filters, iliyo chini ya Accessibility. Ikiwashwa inaweza kufanya skrini nzima kuwa ya kijivu au kuipindua rangi, na njia yake ya mkato, Windows pamoja na Ctrl na C, ikiwa imeruhusiwa kwenye mipangilio hiyo, inabonyezwa kwa bahati mbaya kirahisi sana.

Wa tatu ni HDR, mpangilio wa kuonyesha wigo mpana zaidi wa mwanga na rangi. Kama skrini au projekta inapauka na Use HDR imewashwa, izime.

Vyote vikiwa sawa na rangi bado zinaruka ruka wakati wa onyesho tu, nenda File, Options, Advanced, uangalie kama toleo lako lina Disable Slide Show hardware graphics acceleration. Weka tiki, funga programu, fungua tena. Halafu sasisha dereva ya kadi ya michoro utakapopata nafasi.

## Hatua ya 6: Projekta na kebo

Anza kwa kubonyeza kitufe cha Menu kwenye projekta. Menyu hiyo inachorwa na projekta yenyewe, haipiti kwenye kebo. Menyu ikiwa na rangi sahihi huku picha ikiwa mbaya, chunguza kebo na kompyuta. Menyu nayo ikiwa mbaya, chunguza projekta na ukuta.

### Kebo ya VGA

Kebo hii bado iko kwenye kumbi na madarasa mengi, na kila rangi ina pini yake: pini ya 1 nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 bluu. Moja ikikosa mguso, rangi yake inatoweka na nyeupe inakufichulia ipi:

- Nyeupe imekuwa sayani, yaani bluu ya kukaribia kijani: nyekundu imekatika.
- Nyeupe imekuwa majenta, waridi iliyokolea: kijani kimekatika.
- Nyeupe imekuwa manjano: bluu imekatika.

Zima vifaa, chomoa kebo, tazama pini kwenye mwanga. Iliyopinda inyooshe taratibu kwa kibano chembamba; ukiilazimisha inakatika. Katika safu ya katikati unaweza kukuta tundu moja halina pini. Hiyo ni ya 9, na kebo nyingi hutengenezwa bila hiyo, kwa hiyo usiirudishe dukani kwa sababu hiyo. Chomeka tena, kaza skrubu zote mbili. Kebo iliyolegea upande mmoja hupoteza rangi mtu akipita na kuigusa kwa mguu.

### Kebo ya HDMI

HDMI haipotezi rangi moja moja namna hiyo. Tatizo lake ni kiwango cha mwanga. Kompyuta huweza kutuma namba za 0 hadi 255, au za video za 16 hadi 235, na projekta inabidi isome kwa kiwango kilekile.

Tazama vile visanduku viwili vilivyogusana. Vikiwa vimeungana kuwa cheusi kimoja, projekta inatarajia kiwango kifupi ilhali kompyuta inatuma kirefu. Nyeusi ikiwa ya kijivu na picha nzima kama ina ukungu, ni kinyume chake. Kwa kadi za NVIDIA, fungua NVIDIA Control Panel, Change resolution, ubadilishe Output dynamic range. Kwa Intel tafuta Quantization Range. Projekta nyingi pia zina mpangilio huo kwenye menyu zao.

### Projekta yenyewe

Tafuta Color Mode. Dynamic huongeza mwanga kwa kuitoa sadaka rangi, na mara nyingi picha inaelemea kijani. Chagua sRGB kama ipo, au Presentation. Kama imewekwa Blackboard, itoe. Hiyo ni ya kuonyeshea kwenye ubao wa darasa.

Ukuta wa krimu huifanya nyeupe kuwa ya manjano, na hakuna faili litakaloponya hilo. Tundika shuka jeupe lililonyooshwa vizuri.

Doa la manjano au la bluu linalokaa palepale hata ukibadilisha slaidi na kebo ni kifaa kilichochoka ndani ya projekta. Hilo ni la fundi.

Umefaulu visanduku vyote saba vikitambulika kwa majina yao ukiwa umesimama nyuma ya ukumbi, na kile cha 16 kikitofautiana kidogo na cheusi.

## Hatua ya 7: Omba faili sahihi tangu mwanzo

Faili nyingi za CMYK zinatoka kwenye nembo iliyotengenezwa kwa ajili ya bango, fulana au kadi, kisha steshenari ikatoa faili lilelile la kuprinti kwa kila anayeomba. Mbunifu hakukosea, hakuambiwa tu kwamba picha inakwenda kwenye skrini. Ujumbe huu unatosha:

"Habari, naomba nembo kwa matumizi ya skrini, si ya kuprinti. Iwe RGB yenye wasifu wa sRGB, PNG yenye mandhari wazi, upana usiopungua pikseli 2000. Naomba uitoe kwenye faili lako asili, usigeuze ile ya CMYK. Nitumie kama dokumenti."

Kwa mpiga picha: "Naomba JPEG za sRGB, si Adobe RGB." Kwa mwenye iPhone, kubadilisha Settings, Camera, Formats kuwa Most Compatible kunampa JPEG badala ya HEIC (aina ya faili la picha inayotumiwa na iPhone), jambo linalorahisisha kufungua picha kwenye Windows, lakini wasifu unabaki Display P3. Picha za kawaida ziache hivyo. Zile za nguo za harusi, vitenge au bidhaa ambazo rangi yake ndiyo habari yenyewe, zipitishe kwenye hatua ya 3.